SOMO: Kutafuta vigawo vya namba na kuitambua namba tasa

Naliweka hapa mara moja, maana "je, 91 ni tasa?" imejibiwa mno. Si tasa: 7 × 13.

Kigawo hugawanya namba bila baki. Namba tasa ina vigawo viwili tu: 1 na yenyewe.

1. Andika 1 na namba yenyewe.
2. Jaribu 2, 3, 4 ukipanda. Kinachogawanya kiandike pamoja na mwenzake.
3. Simama pale mraba wa unayoijaribu (yenyewe mara yenyewe) unapoizidi namba yako.

Hatua ya 3 ndiyo inayoharibu kazi. Chukua 180. 13 × 13 = 169, bado; 14 × 14 = 196, imezidi. Mwisho ni 13. Jozi: 1×180, 2×90, 3×60, 4×45, 5×36, 6×30, 9×20, 10×18, 12×15. Vigawo 18. Huna haja ya kuendelea, kwa sababu kigawo chochote kinachozidi 13 mwenzake yuko chini ya 14, na umeshampata.

ANGALIZO: nimesema "unapoizidi". Mraba ukilingana na namba, hujamaliza. Wengi huipa 289 utasa kwa kuishia 13, kumbe 17 × 17 = 289. Hapo 17 ihesabu mara moja: vigawo ni 1, 17 na 289.

ANGALIZO LA PILI: ukitaka kujua tu kama namba ni tasa, jaribu namba tasa peke yake. Kwa 397 ni 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19; zote zinaacha baki, na 23 × 23 = 529. Ni tasa. Lakini ukiorodhesha vigawo usiruke kitu, utapoteza 4, 6, 9, 10 na 12 za 180.

Swali: Mwalimu, 221 nimejaribu mpaka 11, haigawanyiki. Tasa?
Jibu: 13 × 13 ni 169. Imezidi 221? Rudi hatua ya 3.

Swali: Samahani mwalimu, kwa nini 1 isiwe tasa? Inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe.
Jibu: Swali zuri. Hivyo ni kigawo kimoja, si viwili. Tena 12 = 2 × 2 × 3, na hakuna seti nyingine ya namba tasa inayozaa 12. Ukiiingiza 1, utaandika 1 × 2 × 2 × 3, kisha 1 × 1 × 2 × 2 × 3, bila kikomo.

Swali: Idadi ya vigawo inapatikana bila kuorodhesha?
Jibu: Ndiyo. 180 = 2² × 3² × 5¹. Kila kipeo (ile namba ndogo ya juu) kiongeze 1, zidisha: 3 × 3 × 2 = 18. Kila kigawo huchukua 2 sifuri, moja au mbili, 3 vilevile, 5 sifuri au moja.

Swali: Kijana wangu wa darasa la sita anakwama kwenye kujua kama namba inagawanyika kwa 7.
Jibu: Zidisha tarakimu ya mwisho kwa 2, toa kwenye zilizobaki. 203: 20 − 6 = 14. 14 inagawanyika kwa 7, basi na 203 pia: 7 × 29.

Mchangiaji: Kwa 11, jumlisha tarakimu kwa kuruka moja moja. 2728: 2 + 2 = 4, 7 + 8 = 15, tofauti 11, inagawanyika.
Jibu: Sahihi, ni 11 × 248. Tofauti ikiwa 0 pia inagawanyika, kama 121.