Neno fish kwa anayeuza samaki Mwanza, litumie hivi

Kama upo soko la samaki la Mwaloni Kirumba au unakaanga sato huko mwaloni kwenu, mgeni anayeongea Kiingereza akisimama mbele ya beseni lako neno la kwanza ni fish, sasa lishike vizuri.

Kwenye idadi usiongeze s. One fish, ten fish, basi, hapo Kiswahili kinakubeba maana na sisi samaki ni samaki awe mmoja au kumi. Fishes lipo ila wanalitumia zaidi watu wa utafiti wakiongelea aina tofauti tofauti, sokoni achana nalo. Na usiseme fish meat. Ng'ombe akifika kwenye sahani wanamwita beef, nguruwe pork, lakini samaki anabaki fish hadi mezani.

Ila fish peke yake haitoshi, mteja anataka jina. Sangara ni Nile perch, sato tilapia, kambare catfish, kamongo lungfish. Dagaa wengi tunawaita sardines na kiukweli dagaa wa ziwa letu ni ukoo mwingine kabisa, mwambie tu small dried fish from the lake, atakuelewa na hujamdanganya. Minofu ya sangara ni fillet. Bondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni mwa samaki, ni fish maw, hilo likariri kabisa, maana bondo lina bei na anayeliulizia kwa jina hilo huyo anajua anachotafuta.

Sasa fishy, hapa ndo wengi wanaumia. Usimsifie samaki wako eti very fishy, umemwambia ananuka shombo! Sema fresh, halafu mfunulie shavu aone wekundu wa ndani umwambie red gills, hapo hata Kiingereza kikiisha macho yake yanamalizia. Na akikwambia the price is fishy hajataja harufu, anaona kama unampiga, kwahiyo usinune, weka mzigo kwenye mzani mbele yake na umtajie bei ya kilo taratibu.

Kuvua ni to fish, anayevua ni fisherman, wewe unayeuza ni fish seller.

Mtandaoni catfish ni mtu anayejifanya mwingine kwa picha za kuiba, sio kambare. Na phishing, ya ph, inatamkwa sawasawa na fishing lakini ni utapeli wa meseji na linki feki za kukuibia nywila au namba ya siri, ukilikuta kwenye tangazo la benki ujue unaonywa, linki usiibonyeze.