Ukipanda meli ya Nansio, weka simu mfukoni

Mnaovuka Ziwa Victoria kwenda Nansio, bandari ya kisiwa cha Ukerewe, hasa mkiwa na watoto: kichefuchefu cha melini huanzia sikioni kabla ya tumboni. Ndani kabisa ya kila sikio kuna mirija mitatu myembamba iliyopinda nusu duara, imejaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji yanabaki nyuma kidogo, vinyweleo vilivyomo humo ndani vinapinda, ubongo unajua umegeukia wapi. Pembeni yake kuna vijiwe vidogo mno vya chokaa vinavyohisi kupanda na kushuka kwa wimbi.

Sasa wewe umeinamia simu. Macho yanasema umetulia, sikio linasema unayumba. Ubongo unapata habari mbili zinazopingana, na jasho jembamba linaanza kukutoka.

Kwa hiyo kaa katikati ya meli, ambako hakuyumbi sana, na utazame mbali, pale ziwa linapokutana na mbingu, au kisiwa chochote kinachoonekana. Mtoto akinyamaza ghafla na kuanza kupiga miayo, msimkemee kwamba anadeka. Mtoeni nje apate upepo, aone maji.

Mkishuka, ardhi ikiendelea kuyumba kidogo, msiogope. Ubongo ulishazoea mawimbi, kwa kawaida hutulia wenyewe.