Shahada ya sayansi ya siasa Tanzania: alama, krediti na milango ya kazi

Kugombea ubunge hakuhitaji shahada. Ibara ya 67 ya Katiba inataka raia wa miaka 21 au zaidi, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, aliyependekezwa na chama. Kwa hiyo anayefuata uheshimiwa pekee anaweza kuokoa ada. Kozi ya sayansi ya siasa hufundisha kuchambua dola, sera na utawala, na wengi wanaoimaliza hutafuta kazi za ofisini.

Sifa ya chini ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa mhitimu wa kidato cha sita ni prinsipo mbili, yaani ufaulu wa A hadi E katika masomo mawili, zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. D mbili zinafika, ila nafasi hugombewa na kila chuo kina masharti yake.

Kabla hujachagua programu, fungua Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, kusanya matangazo kumi ya kazi unazozitamani (afisa tarafa, mtendaji wa kata, afisa utumishi), uandike majina ya shahada yanayotajwa. Hapo ndipo utaona kwa nini "Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma", kama ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hufungua milango mingi kuliko siasa peke yake: mchujo huangalia jina lililo kwenye cheti, si ulichojisomea.

Sasa GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo, na hapa wengi huumia. Huhesabiwa tangu mwaka wa kwanza. Daraja la pili la juu huanzia 3.5, daraja la kwanza 4.4, na anayetaka kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi anahitaji 3.8. Ukimaliza mwaka wa kwanza na 3.4, ili ufike 3.8 hiyo miaka miwili inayobaki lazima uwe na wastani wa 4.0, mizigo ya kozi ikilingana. Sapu, yaani mtihani wa marudio, haikukomboi sana, kwani hata ukiifanya vizuri hupewa C. Shahada nzima ina angalau krediti 360, kila moja saa 10 za kazi; ukigawa kwa miaka mitatu unapata saa 1,200 kwa mwaka. Kusoma wiki ya mitihani tu hakuzitoshi.

Usikimbie kozi za takwimu na mbinu za utafiti. Mashirika na miradi ya utafiti hutafuta mtu wa kuandaa dodoso, kusafisha data na kuandika ripoti, na waandishi wa insha nzuri ni wengi kuliko hao. Anayelenga ubalozi aongeze lugha ya kigeni mapema, kisha aangalie stashahada ya uzamili ya chuo cha diplomasia cha Kurasini, Dar es Salaam, ambacho sasa kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim.

Ukiomba kazi serikalini, pakia vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita. Hati za matokeo hukataliwa. Barua isiyosainiwa nayo hukuondoa mapema. Cheti cha nje ya nchi kithibitishwe kwanza TCU au NECTA (Baraza la Mitihani), na majina kwenye vyeti vyote yafanane na ya kitambulisho cha taifa cha NIDA. Yakitofautiana, andaa hati ya kiapo au ya kubadili jina sasa hivi, usingoje tangazo litoke.