Jinsi ya kuomba kuhamishwa kutoka T1 kwenda D1 kwenye LUKU

Mama yangu anaishi Morogoro na mjukuu mmoja. Ana taa tano, televisheni, friji dogo, na pasi inayowashwa Jumamosi jioni kwa ajili ya nguo za kanisani. Kwa mwezi hafikishi uniti 45. Hata hivyo, kwa miaka mingi amelipia umeme kwa bei ile ile anayolipa jirani yake mwenye saluni, kwa sababu mita yake ilikuwa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida. Kumhamishia D1, kundi la nyumba zenye matumizi madogo, kumenichukua miezi minne, na ningejua haya ninayoandika hapa ingekuwa kazi ya siku chache.

Anza na meseji ya LUKU, ile inayokuja na tokeni ukinunua umeme wa kulipia kabla. Ukinunua umeme wa 10,000 ukapata uniti 28.1, uko T1. Soma mchanganuo wake: umeme wenyewe 8,196, VAT asilimia 18, REA (tozo ya umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Bei ya T1 ni shilingi 292 kwa uniti, na makato hayo yakiongezwa inakuwa kama 356. D1 ni shilingi 100 kwa uniti kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, yaani 122 pamoja na makato. Kwa hiyo uniti 40 za mama zilikuwa zikimgharimu shilingi 14,250 wakati angeweza kuzipata kwa 4,880. Tofauti hiyo kwa mjane anayeuza maandazi ni kilo kadhaa za unga wa ngano kila mwezi.

Angalia usipime kwa manunuzi ya kwanza ya mwezi. Hapo hukatwa kodi ya majengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida, na uniti zinapungua kwa sababu hiyo. Pima kwa manunuzi ya pili.

Kabla ya kwenda ofisi ya TANESCO, shirika la umeme, elewa nani anapanga nini. Bei hizi zilianza Aprili 2016, na haziamuliwi na ofisi ya wilaya. TANESCO ikitaka kubadili bei hupeleka maombi EWURA, EWURA hufanya taftishi ambako wananchi husikilizwa, kisha hutoa agizo. Mwishoni mwa 2016 EWURA iliidhinisha ongezeko la asilimia 8.5, na serikali ikalifuta kabla halijaanza kutumika. Jambo hilo ni la ngazi hiyo. Yule dada wa dirishani hawezi kukupunguzia hata senti kwenye 292, na kumlalamikia ni kumuonea. Anachoweza kupokea ni ombi lako la kuwekwa kwenye kundi linalolingana na matumizi yako. Ombi liwe hilo tu.

Sasa hapa ndipo nilipopotezea muda. D1 ni ya mteja wa nyumbani ambaye wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi, na kinachoangaliwa ni kumbukumbu ya manunuzi ya mita. Maelezo yako ya mdomo kuhusu taa tano na pasi hayawezi kuishinda kumbukumbu hiyo. Mimi nilikwenda nikiwa na uhakika kabisa. Dada akaingiza namba ya mita, akageuza skrini nione. Miezi yote ilikuwa 40, 43, 38, kisha mmoja ukasimama peke yake: 131.

"Kaka, hapa palikuwa na nini?"

Palikuwa na geti. Nilimtengenezea mama geti na madirisha ya chuma, na fundi alichomelea pale pale uani kwa umeme wa nyumba, siku tisa mfululizo. Nilimtumia mama tokeni kutoka Dar bila kuwaza kwamba naandika historia ya mita yake. Dada akanishauri turudi matumizi yakishatulia. Alikuwa sahihi, maana mita ile mwezi ule ilisomeka kama karakana. Tulisubiri miezi mitatu, na kila mwezi 9,370 za mama zikaondoka.

Kwa hiyo acha meseji zako za manunuzi zikusemee kwanza. Kama umejenga, umekuwa na msiba au harusi, au umejaza uniti za akiba kabla ya safari, acha miezi hiyo ipite. Fundi wa kuchomelea mwambie aje na jenereta.

Katika kusubiri huko nilifanya kosa la pili. Kijana mmoja aliyekuwa akizungukazunguka nje alisema anaweza kulimaliza kwa 30,000. Nilimpa. Simu yake haikupokelewa tena. Niliporudi ofisini mwenyewe, sikudaiwa chochote. Ukiombwa hela ya kubadilishiwa kundi, ondoka, au piga huduma kwa wateja namba 180 uulize.

Barua yenyewe ni fupi: jina la mwenye mita, namba ya mita, mtaa, namba ya simu, na sentensi moja ya kuomba kutoka T1 kwenda D1 kwa sababu ya matumizi madogo ya nyumbani. Ambatanisha nakala ya kitambulisho. Iandikwe kwa jina lililosajiliwa kwenye mita. Mita ya mama ina jina lake, kwa hiyo yeye ndiye aliyesaini, mimi nikawa mpelekaji tu. Mpangaji amshirikishe mwenye nyumba. Na kama wapangaji sita mnachangia mita moja, hesabu kwanza: uniti 20 za kila chumba ni 120 kwa pamoja, na ombi halitapita hata kama kila mmoja wenu anaishi kwa taa moja.

Ukikubaliwa, badili namna ya kununua. Uniti 75 zinahesabiwa kwa mwezi wa kalenda na kwa ulichonunua, hata kama hujakitumia. Ukizipita, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, ambayo pamoja na makato ni 427, juu kuliko hata T1. Mwezi wa kwanza kaka yangu, kwa furaha, alimtumia mama 20,000 mara moja. Ikakatwa kodi ya majengo 1,500, uniti 75 zikachukua 9,150, na 9,350 iliyobaki ikatoa uniti 21.9 tu. Pesa hiyo ingesubiri tarehe moja ingenunua uniti 64 hata baada ya kukatwa kodi ya mwezi mpya. Ukiendelea kuzidisha hivyo, unajiandikia mwenyewe sababu ya kurudishwa T1. Sasa tumekubaliana ndugu wote: anayetaka kumtumia mama umeme anauliza kwanza kwenye kundi la familia kama mwezi huu kuna aliyeshatuma.

Hakikisha mabadiliko kwa manunuzi madogo. Nilimnunulia mama wa 5,000 katikati ya mwezi. T1 ingempa uniti 14. Alinipigia simu akisoma tarakimu taratibu, akidhani amekosea: "Mwanangu, hapa pameandikwa arobaini na moja."