Kabla Mtoto Hajaanza Fizikia na Kemia: Mambo ya Kuzingatia kwa Mzazi wa Mwanza

Mtoto anayefanya mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba ana miezi kadhaa kabla ya kuingia kidato cha kwanza mwezi Januari, na katika familia nyingi za Nyamagana, Ilemela na Ukerewe muda huo hugawanywa kati ya kazi za nyumbani na masomo ya ziada ya kujiandaa na sekondari. Somo alilolifahamu kwa jina la Sayansi na Teknolojia litakuwa limegawanyika. Fizikia itamfundisha vipimo, kani (msukumo au mvuto), kanieneo (kani inayokandamiza kila sehemu ya eneo), nishati na mwanga. Kemia itamfundisha maada, moto, hewa, maji na kutu. Biolojia itasimama peke yake. Masomo ya ziada huanza mara nyingi kwa kukaririsha kanuni, na kwa maoni yangu hapo ndipo muda unapopotea, kwa sababu kanuni atazikuta darasani. Kitu ambacho darasa lenye wanafunzi wengi halina nafasi ya kutosha kumjengea ni mazoea ya kupima kwa mkono wake mwenyewe, kuandika alichokiona, na kukisimamia hata kisipofanana na kilichomo kitabuni.

Jambo la kwanza la kuzingatia, basi, ni kama mtoto ameshawahi kupima kitu chochote. Mzazi ampe mtoto rula aipime meza, kisha aandike sentimita na milimita zake. Amwonyeshe dumu la lita 20 na kumwuliza maji yaliyomo yana kilo ngapi. Lita moja ya maji ina tungamo la kilo moja, hivyo dumu lililojaa lina kilo 20 bila kuhesabu plastiki yake. Sokoni Kirumba mfanyabiashara wa dagaa atasema kwamba huo ndio uzito, na biashara yake itakwenda vizuri, lakini mwalimu wa Fizikia atatenganisha mambo mawili: kilo 20 ni tungamo, yaani kiasi cha maada, ilhali uzito ni kani ambayo dunia hulivutia dumu hilo, nayo hufikia takribani niutoni 200, niutoni ikiwa ndiyo kipimo cha kani. Mtoto aliyewahi kulibeba dumu hilo kutoka bombani hadi nyumbani akiulizwa niutoni 200 zikoje, ana jibu mikononi mwake.

Jambo la pili linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ni hapa Mwanza hasa linapojitokeza. Vitabu husema kwamba maji huchemka katika nyuzi joto 100 za Selsiasi, na mtoto huifika maabara akiwa ameikariri namba hiyo. Uso wa Ziwa Victoria, hata hivyo, uko takribani mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na mji wetu umekaa kando ya ziwa hilo na juu ya vilima vyake. Kadiri mtu anavyopanda juu, hewa iliyo juu yake hupungua na kanieneo yake hupungua pia. Maji huchemka pale ambapo kanieneo ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya hewa, kwa hiyo hewa ikiwa nyepesi zaidi maji hayahitaji joto kubwa kiasi kile. Mwanza maji safi huchemka karibu na nyuzi 96. Mwanafunzi atakayetumbukiza kipimajoto chake kwenye chombo cha maji yanayotokota atasoma 96, atasita, atamtazama jirani yake, kisha wengi wao wataandika 100 ili wasikosee. Hakuna kosa linaloniumiza kama hilo, kwa kuwa mtoto ameona ukweli kwa macho yake na kuufuta kwa kalamu yake. Mzazi anaweza kulizuia mapema kwa kumweleza mtoto kwamba namba ya kitabuni inahusu usawa wa bahari, ambako Dar es Salaam na Tanga ziko, na kwamba kazi yake ni kusoma kipimo kwa jicho lililo sawa na mstari, kuandika kilichosomeka, kisha kueleza kwa nini kimetofautiana na kilichotarajiwa.

Mada ya kuelea na kuzama nayo inamkuta mtoto wa ziwani akiwa na elimu ambayo hajui kwamba ni elimu. Ameona mtumbwi uliopakiwa mizigo ukizama zaidi majini kuliko mtumbwi mtupu, na ameona meli ya chuma ikielea huku msumari mmoja ukizama. Kanuni iliyo nyuma ya hayo imepewa jina la Archimedes, mwanahisabati wa Sirakusa aliyefariki mwaka 212 kabla ya Kristo: kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa kani inayolingana na uzito wa maji kilichoyaondoa mahali pake. MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6 na uwezo wa kubeba abiria 1,200, inaelea kwa sababu umbo lake lenye uwazi mkubwa ndani huondoa maji mengi yenye uzito sawa na wa meli nzima pamoja na mizigo yake. Kwa zoezi la nyumbani, jiwe la itale kama yale yaliyozagaa kwenye vilima vyetu lipimwe kwa mizani ya dukani, kisha litumbukizwe polepole kwenye chombo kilichojaa maji hadi ukingoni, na maji yanayomwagika yakingwe na kupimwa. Jiwe la gramu 530 litamwaga takribani mililita 200, na kugawanya namba hizo mbili kutaonyesha kwamba itale ina densiti (tungamo kwa kila kipimo cha ujazo) inayozidi ya maji zaidi ya mara mbili na nusu.

Mada hiyo hiyo inataka uangalifu wa namna nyingine. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya abiria 101 ambao kiliruhusiwa kubeba, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Katika darasa lolote la mkoa huu anaweza kuwapo mtoto aliyempoteza mzazi au ndugu. Ni vema mzazi wa mtoto wa namna hiyo amdokeze mwalimu mapema. Na kwa watoto wote, ni haki yao kuelezwa kwamba idadi iliyoandikwa ubavuni mwa chombo ni hesabu ya Fizikia: mzigo ukizidi, chombo hushuka, na watu wakirundikana upande mmoja au ghorofa ya juu, kitovu cha uzito huhama na chombo hupoteza uthabiti wake.

Lugha ya kufundishia itabadilika pia. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali amejifunza sayansi kwa Kiswahili, na sasa atasikia mambo yale yale kwa Kiingereza. Asiambiwe asahau aliyoyajua. Awe na kaunta buku dogo la msamiati, aandike neno jipya, maana yake kwa Kiswahili na mfano mmoja aliouona mwenyewe, na apate mtu wa kumsikiliza akieleza jambo zima kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu asiyeweza kulieleza kwa lugha anayoimudu hajalielewa bado.

Kwa upande wa Kemia, maandalizi makubwa ni ya usalama. Maabarani mtoto haonji kitu, hanusi kwa kusogeza pua mdomoni mwa chupa bali hupunga mvuke kwa kiganja uje kidogo, havai kandambili, hufunga nywele zilizo ndefu, na hakimbii. Tindikali humiminwa polepole kwenye maji, kamwe si maji kwenye tindikali, kwa kuwa joto linalotoka ghafla linaweza kurusha matone usoni. Na ikimrukia, huosha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na kumwita mwalimu. Haya yafundishwe nyumbani kama tunavyofundisha watoto kutocheza karibu na jiko la mkaa, na mtoto asiogope kusema kwamba amevunja chombo, maana kioo kilichofichwa ndicho kinachomkata mwenzake.

Hesabu zinazohitajika si nyingi: kuzidisha na kugawanya desimali, kubadili vizio, kusoma grafu. Atakayejua kwamba mita moja ya ujazo ni lita 1,000 bila kusita ataokoa muda mwingi.

Vifaa ni vichache vilevile, yaani rula inayosomeka vizuri, penseli, mkebe wa hisabati, karatasi za grafu na kaunta buku la kila somo. Kabla ya kutumia fedha zaidi kwa vitabu vya ziada, mtoto apimwe macho, kwa sababu asiyeona mistari ya milimita wala maandishi ya ubaoni huonekana mzembe wakati haoni tu.

Katika kikao cha kwanza cha wazazi, maswali machache yanatosha: je, kidato cha kwanza wanaingia maabara au wanasubiri hadi mtihani wa kidato cha nne ukaribie? Wanafunzi wangapi hushika kifaa kimoja katika zoezi moja? Na kama maabara haijakamilika, mwalimu anahitaji nini ambacho wazazi wanaweza kukileta, iwe chupa tupu za plastiki, mizani ya zamani au mawe ya kupimia?