Kabla ya kwenda kwa Tom Mboya, Rusinga

Ukitoka Kisumu kwenda kwenye kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, kisiwani Rusinga, una njia mbili, na ni heri uamue tangu usiku kuliko kubahatisha stejini. Ya kwanza ni ya matatu hadi mwisho: Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, kisha Mbita. Ya pili unakatia Ndori hadi Luanda Kotieno, halafu feri ya kama saa moja. Mimi napenda ya feri, ila haimngoji mtu. Uliza saa zake siku hiyohiyo, na usisahau kuuliza ya mwisho ya kurudi. Kutoka Mbita unavuka daraja kwa boda boda. Patana nauli ya kwenda na kurudi kabla hujapanda.

Kofia, maji na noti ndogondogo hubebwa bila mjadala. M-Pesa ni nzuri mpaka mtandao ukatike.

Kitu ambacho wengi hawabebi ni habari zenyewe. Ndani ya jengo la kaburi kuna picha, zawadi alizopewa na vitu vyake, na ukiingia mikono mitupu utamaliza kwa dakika kumi ulalamike kwamba umetoka mbali bure. Basi jua mapema kwamba Mboya hakuzaliwa Rusinga. Alizaliwa mwaka 1930 Kilima Mbogo, upande wa Thika, ambako baba yake alikuwa kibarua wa shamba la mkonge. Kisiwani ni kwao kwa asili. Jua habari za ndege ya wanafunzi aliyoiandaa mwaka 1959, iliyopeleka vijana 81 Marekani; Wangari Maathai alifuata mwaka 1960 kwa mpango huohuo. Na jua kwamba alipigwa risasi Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, akitoka duka la dawa jijini Nairobi, barabara ambayo leo inaitwa Moi Avenue. Alikuwa waziri wa mipango ya uchumi, umri miaka 38. Ukilitazama jengo lile lenye umbo la risasi huku unajua hayo, halitakuwa tena mandhari ya kupigia selfi.

Jiandae pia kwa mabishano. Mwaka 1966, kwenye mkutano wa KANU wa Limuru, Mboya alikuwa miongoni mwa waliomng'oa Jaramogi Oginga Odinga, Mjaluo mwenzake, kwenye umakamu wa rais wa chama, na wazee wa huku hawajamaliza kesi hiyo. Ukiwakuta ndani ya feri, sikiliza. Usijitie hakimu.

Hapo ni kaburini, na pia ni nyumbani kwa watu. Mkewe Pamela naye amelazwa hapo. Vaa kama unayekwenda kutoa pole: kaptura na kaushi ziache za ufukweni. Ukimkuta mzee, msalimu kwanza, hata kwa "oyawore" yako iliyovunjika, salamu ya asubuhi ya Kijaluo, ndipo uulize mambo ya kiingilio na picha. Watoto waambie mapema kwamba hapakimbiliwi. Anayekutembeza mpe muda amalize, kwa maana mengi anayoyajua hayakuandikwa ukutani.

Omena, yaani dagaa, nunua Mbita wakati wa kurudi. Nenda na kikapu chako, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, na gazeti likilowa ndani ya matatu, abiria wenzako hawatakusamehe.