Printi za ramani Sabasaba: namna ya kujipanga kama msanii wa kujitegemea

Kama unatengeneza printi za sanaa zinazotokana na ramani, yani mitaa ya Kariakoo ilivyonyooka, vichochoro vya Mji Mkongwe, mistari ya miinuko ya Kilimanjaro na vitu kama hivyo, basi Sabasaba, yale maonesho ya biashara ya kila mwaka Dar, ni soko lako kuliko unavyodhani. Wasanii wengi wanaona pale ni pa masufuria na magodoro, sanaa tupeleke maduka ya Slipway kwa watalii, mi sikubaliani nao kabisa. Maonesho kawaida yanaanza tarehe 28 Juni mpaka 13 Julai, viwanja vya Mwalimu Nyerere pale Barabara ya Kilwa, na wanaoingia pale wametoka kila mkoa. Sasa mtu akiona ramani kitu cha kwanza anatafuta kwao. Akipaona anasimama, asipopaona anapita, kwa hiyo maandalizi yako yote kuanzia nyumbani yafuate hilo.

Usiende na Dar tupu. Dar inauzika sana ndio, ila anayeishi Tabata ukimuuliza kwao atakwambia Bukoba au Songea, na hapo ndo moyo wake ulipo. Beba Mwanza, Mbeya, Moshi, Tanga, Unguja, Pemba, halafu ramani moja kubwa ya nchi nzima iwe ukutani nyuma yako ili ionekane tangu kwenye njia. Hiyo kubwa ndo inaita watu, hata kama inayonunuliwa ni ile ndogo ya A4.

Kwenye hiyo ya nchi nzima kuwa makini jamani, maana kila anayepita ni mkaguzi. Mikoa ni 31, 26 bara na 5 Zanzibar, ila mafaili mengi ya mipaka yanayozunguka mtandaoni ni ya zamani, mengine hayana Geita, Katavi, Njombe na Simiyu iliyoanza 2012, mengine yanayo hayo manne ila hayana Songwe iliyomegwa kutoka Mbeya 2016. Mtu wa Vwawa akikuta kwao bado pameandikwa Mbeya umeshampoteza. Angalia pia Mafia isije ikapotea kwa sababu programu imefuta visiwa vidogo ili faili iwe nyepesi, hiyo inatokea sana, na Pemba iwe mahali pake halisi sio imesogezwa kwenye kona kujaza nafasi. Halafu Ziwa Nyasa. Tanzania inasema mpaka na Malawi unapita katikati ya ziwa, Malawi inasema ziwa lote upande ule ni lake, na ramani nyingi za nje zinachora mstari ukingoni mwa ufukwe wetu. Amua kabla hujaprinti, maana swali litakuja na litaulizwa kwa sauti.

Sasa data unatoa wapi, hapa ndo pa kusoma taratibu. Picha ya skrini ya Google Maps usiprinti ukauza, masharti yao hayaruhusu, na hata kuifuatisha mistari kwa mkono juu yake ni kesi ile ile. Zile ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000, sentimita moja ni nusu kilomita, ni nzuri mno ila ni mali ya serikali, ukitaka kuzitumia nenda Wizara ya Ardhi uombe. Kuna na tovuti ya GADM ambayo wengi wanachukua mipaka ya mikoa humo, ile ni ya masomo na matumizi yasiyo ya biashara, kwa kuuza unatakiwa upate ruhusa yao kwanza. Unachoweza kutumia bila presha ni OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, kwa mitaa na majengo, Natural Earth, data za ramani za dunia nzima, kwa pwani na mito mikubwa, na data za miinuko za SRTM zilizopigwa na chombo cha NASA mwaka 2000 kwa ajili ya milima. Natural Earth na SRTM ni huru. OpenStreetMap unaruhusiwa kuuza printi ila lazima uwataje, andika chini kwa herufi ndogo zinazosomeka "© OpenStreetMap" na anwani yao, basi.

Na niseme hili kwa heshima, Dar ina bahati. Kupitia mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa yenyewe walitembea kata kwa kata wakichora nyumba, mitaro na njia za miguu, shida kubwa ikiwa mafuriko. Ndo maana leo ukifungua Tandale kwenye OpenStreetMap unaona kila paa. Ile ni kazi ya watu, wengine walikanyaga tope, kwa hiyo kuwataja chini ya printi yako usifanye kwa sababu ya sheria tu, na mteja akiuliza mwambie nani alichora zile nyumba. Watu wanapenda kujua.

Kwenye kuchora kila mtu na mkono wake, mi natumia QGIS, programu ya ramani, kutoa mistari halafu Inkscape, programu ya kuchora, kuipamba, zote bure. Wengine wanachonga lino, yani kipande laini cha linoliamu, wanapiga kwa wino kwa mkono, na kusema kweli printi za mkono zinasimamisha watu zaidi. Ila kama unaprinti kwa mashine zingatia haya. A3 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 3508 kwa 4961, chini ya hapo majina madogo yanakuwa na ukungu. Bluu ya bahari iliyong'aa kwenye kompyuta ikifika kwenye karatasi inageuka kama zambarau, punguza magenta, ile rangi ya waridi iliyokolea, kabla hujaprinti nyingi. Majina ya mitaa yawe meusi tupu, usichanganye rangi nne za printa kupata weusi, herufi zitatoka na vivuli pembeni. Mwambie wa printa akupigie kipande kidogo kwanza kwa saizi ile ile halisi, uone mistari myembamba kama imebaki. Karatasi gramu 250 mpaka 300, na uliza wino ni wa pigmenti au ni ule wa kawaida, maana wa kawaida ukining'inizwa sebuleni penye jua unapauka, na mteja hatasema jua limeharibu, atasema we ndo umemuuzia kitu kibovu.

Ukipiga toleo la idadi maalum, namba iandikwe kwa penseli chini kushoto, 1/50, 2/50 hivyo, sahihi yako kulia, na zikiisha 50 zimeisha kweli, usirudi ukaprinti tena kimya kimya. Jina la msanii linajengwa hapo.

Nafasi ya banda usisubiri Juni. Waandaaji ni TanTrade, mamlaka ya serikali ya maendeleo ya biashara, na unaweza kuchukua eneo lako mwenyewe, ila kwa msanii mmoja gharama inauma, angalia kuingia kupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, au ungana na wasanii wawili watatu mgawane, mmoja ramani, mmoja vinyago, mmoja batiki, mnapokezana hata kwenda chooni. Mambo ya TIN, yani namba ya mlipakodi, jina la biashara kwa wasajili wa BRELA na usajili wa Baraza la Sanaa, BASATA, yamalize mapema. Kazi zako zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, pia, hakimiliki unayo tangu umechora ila cheti kinakusaidia siku ukiikuta ramani yako kwenye fulana za mtu mwingine.

Mpangilio wa banda. Msimu ule ni kipupwe, pakavu, upepo wa kusi na vumbi la miguu ya watu wote wale, kwa hiyo printi za kuuza zikae kwenye nailoni ngumu na kadibodi nyuma, na kitambaa kikavu kisikosekane. Fremu za kioo usiweke nyingi, mchana kioo kinarudisha mwanga mteja anaona sura yake badala ya ramani. Ning'iniza usawa wa macho. Na hii usiiache: weka nakala moja ya kila ramani mezani, imepigwa laminesheni, ya kushikwa tu. Usiandike "usiguse" popote. Ramani lazima iguswe.

Kuna mzee alisimama kwenye ile ya mto Pangani, nikamwamkia, akaitikia bila kuinua macho, akaweka kidole pale mto unapoingia baharini akapanda nao taratibu, Korogwe, akaendelea juu mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu, akagonga gonga na ukucha, "hapa nilikuwa navua perege mwanangu." Nikanyamaza nikamuacha. Akaita na mjukuu wake aje aone. Sasa mtu kama huyo usimkatishe kumwambia bei wala aina ya karatasi, muulize tu perege walikuwa wakubwa kiasi gani, atanunua akiwa tayari na asiponunua ameshakuitia watu wengine nyuma yake kuja kuangalia anachoangalia. Salamu kwanza, "karibu, kwenu wapi?" halafu mwoneshe kidole kianzie wapi. Mauzo yote ya ramani yanaanzia kwenye hilo swali.

Bei ziwe za ngazi na ziandikwe, watu wengine wanaona aibu kuuliza wanaondoka. Postikadi na stika kwa mwanafunzi mwenye buku mbili, A4 kwa familia, A3, halafu zile za fremu kwa maofisi na mahoteli. Ukipanga bei hesabu karatasi, wino, nailoni, banda, nauli, chakula na posho ya msaidizi, gawa kwa idadi unayotegemea kuuza kweli, sio unayoota, kisha ongeza jasho lako. Kupatana kutakuwepo, acha nafasi kidogo. Lipa namba ibandike kwa herufi kubwa na chenji uwe nayo asubuhi. Tarehe 7 yenyewe ni sikukuu, watu wanajaa kupita kiasi, mzigo mkubwa ubaki kwa siku hiyo na msaidizi awepo. Wengi wanasafiri na basi mpaka mkoani kwa hiyo mabomba magumu ya kukunjia printi ni lazima, laini yanabondwa kwenye buti la basi.

Mwisho kuna oda, na mi naona ndo faida kubwa kuliko mauzo ya pale pale. Atakuja mtu, kwao Ukerewe au Liwale na huna. Usiseme sina ukaishia hapo, fungua daftari. Chukua advansi kidogo, mpe risiti na tarehe ya kweli baada ya maonesho, usimwahidi kesho wakati we uko bandani tangu asubuhi mpaka usiku. Andika jina la kijiji kama anavyolitamka yeye, kata, wilaya, na mto au mlima au kanisa au msikiti ulio karibu, maana Majengo na Mbuyuni ziko karibu kila mji nchi hii, na ukimchorea Majengo ya Moshi wakati yeye ni wa Majengo ya Dodoma hela utarudisha. Kabla hujaprinti mtumie picha WhatsApp akuhakikishie nyumba ya kwao ipo.